Steki tupu: kisa cha Bosi na mfupa wa paja

Bosi ni mbwa dume wa mbegu ndogo ya Maltese, mweupe pe, na jina lake ni utani wa nyumbani, kwa sababu mwili wake wote ungetosha ndani ya kapu la mkate. Akiwa na wiki 15 aliruka kutoka kwenye kochi ambalo halifiki hata goti la mtu mzima, akatua, akapiga yowe, na mfupa wa paja la kushoto ukawa umevunjika. Hakukanyagwa, hakubanwa na mlango, hakupigwa. Watoto wa mbwa huruka makochi kutwa nzima na kuendelea na mchezo. Kochi basi tuliache, tuuangalie mfupa.

Majina ya wenyewe nimeyaweka kando, na mambo mawili matatu yasiyogusa ugonjwa nimeyabadili ili wasijulikane. Nyumba iko Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba anafanya kazi ofisini, ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na anaishi na mama mkwe wake ambaye ni mgonjwa wa kisukari. Mtoto na bibi wasisahauliwe, maana wanaingia kwenye kisa hiki baadaye, na wanaingia kwa mlango mwingine kabisa.

Bosi alinunuliwa akiwa na wiki nane, pamoja na mfuko wa chakula kikavu aliokuwa ameshauzoea. Mama akageuza mfuko, akasoma: mahindi yametajwa mwanzo kabisa. Moyo ukamkataa. Amemnunua mbwa kwa fedha nyingi, amlishe mahindi? Akaingia mtandaoni, akakutana na hoja ambayo leo inasikika kila mahali: mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, mbwa mwitu hana jiko, kwa hiyo nyama mbichi ndiyo chakula chake cha asili. Hoja hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1990 kupitia daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, na kwa haki yake isemwe kwamba nguzo ya lishe aliyoihubiri ilikuwa mifupa mibichi yenye nyama. Wafuasi wa baadaye wakaleta kanuni ya 80-10-10: asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 maini na viungo vingine vya ndani.

Mama aliijua kanuni hiyo kwa kichwa. Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa sababu watu wakisikia mbwa kaumwa kwa nyama mbichi hudhani mwenyewe alikuwa mzembe. Huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Aliitazama ile 10 ya mfupa, akamtazama mbwa ambaye hajafika hata kilo moja na meno yake ni ya maziwa, akaogopa kwamba atapaliwa. Hofu yenyewe ilikuwa sahihi: mfupa unaweza kukwama kooni, kuvunja jino, kuziba utumbo, na ukipikwa ndiyo balaa zaidi kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha. Mashine ya kusagia nyama aliyonayo nyumbani haisagi mfupa wa ng'ombe. Basi akaiondoa ile 10 na kuijazia kwa nyama.

Bucha la mtaani kwake, kama mabucha mengi ya mjini, linauza nyama kwa bei mbili, steki na mchanganyiko. Muuzaji alimuuliza swali lake la kila siku: "Dada, nikupimie steki au mchanganyiko?" Mchanganyiko una mifupa na ni nafuu. Akasema, "Steki, kaka, ni ya mtoto." Akaongeza kipande cha moyo na maini kidogo. Kila Jumamosi alikuwa akikata vipande vya ukubwa wa punje ya harage, anapima kwa mizani ya keki, anavigawa kwenye vikopo na kuviweka kwenye friza. Mbwa wengi wa mtaa ule hawajawahi kuonja steki.

Dalili ya kwanza ilikuja mapema, ila ilielekeza kwingine. Katika yale mafunzo ya mtandaoni kulikuwa na ushauri wa kumfungisha mbwa siku moja kwa wiki ili tumbo lipumzike. Mbwa mkubwa mzima anaweza kuvumilia siku bila chakula. Bosi alikuwa na wiki 11. Jioni ya siku ya kufunga alianza kutetemeka, akayumba kama mlevi, kisha akalala chini macho yamekaza. Kliniki walipima sukari ya damu wakakuta 2.1, wakati chini ya 3.3 tayari ni shida. Walimpaka glukosi kwenye fizi, wakamwekea dripu, na baada ya muda mfupi akawa anang'ata bomba la dripu.

Jambo hili huwapata sana watoto wa mbwa wa mbegu ndogo. Ini lao ni dogo na akiba ya sukari inayohifadhiwa humo ni ndogo, huku mwili mdogo ukipoteza joto haraka na kuchoma nguvu nyingi. Mpaka afike miezi minne hivi anatakiwa ale mara nne kwa siku au zaidi, na usiku mzima bila kula unaweza kumtosha kuanguka. Kuhusu lishe, siku ile kliniki waliuliza anakula nini, mama akajibu, "Nyama, daktari. Anakula vizuri kuliko sisi," watu wakacheka, na swali likaishia hapo. Nyama gani, na nini kingine zaidi ya nyama, hakuna aliyeuliza.

Wiki mbili tatu zilizofuata Bosi akawa mzito kuamka. Akibebwa analia. Anakaa upande. Jirani mmoja akasema huyu ana matege, mpeni maziwa na muwekeni jua la asubuhi kama mnavyofanya kwa mtoto mchanga. Ushauri wa heri, na kwa mtoto wa binadamu una maana. Kwa mbwa hauna. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha hata akiota jua kutwa, lazima aipate kwenye chakula. Na maziwa, robo kikombe kwa siku, yalimletea kuharisha na kumpa miligramu kama 70 tu za kalsiamu. Udogo wa kiasi hicho utaonekana kwenye hesabu inayokuja.

Kisha likaja lile kochi.

Kilichoonekana kliniki

Ukimtazama juu juu Bosi alikuwa mbwa wa kwenye picha. Manyoya yanang'aa, macho maangavu, misuli imejaa. Protini alikuwa nayo tele. Daktari (kliniki nyingine safari hii) alimpima damu, na kalsiamu ikatoka ya kawaida kabisa. Mama akashusha pumzi: kumbe kalsiamu anayo.

Picha ya eksirei ilisema jingine. Katika eksirei ya mbwa mwenye afya mfupa huwa mweupe unaojitenga wazi na nyama inayouzunguka. Mifupa ya Bosi ilikuwa ya kijivu, karibu rangi moja na misuli. Ganda la nje la mfupa wa paja, ambalo ndilo linalobeba uzito, lilikuwa jembamba kama mstari wa penseli, na mfupa haukukatika vipande viwili bali ulijikunja na kupasuka upande mmoja. Kwenye mkono wa kulia kulikuwa na ufa mwingine, wa zamani kidogo, ambao hakuna aliyejua kuwa upo. Bila shaka ndio uliokuwa ukimliza akibebwa. Sehemu laini za ukuaji kwenye ncha za mifupa zilikuwa na upana wa kawaida. Kwenye matege halisi, yanayotokana na upungufu wa vitamini D, sehemu hizo hutanuka na kuvurugika. Kwa hiyo matege hayakuwa.

Sasa hesabu. Bosi alikuwa na kilo 1.3. Mtoto wa mbwa wa uzito na umri huo anahitaji kalori 250 hivi kwa siku. Viwango vya Marekani vya chakula cha mbwa anayekua vinataka angalau gramu 3 za kalsiamu kwa kila kalori 1,000, na kwamba kalsiamu isiwe chini ya fosforasi wala isizidi mara mbili yake. Kwa Bosi hiyo ni miligramu 750 za kalsiamu kila siku. Sahani yake ilikuwa na steki gramu 130, moyo gramu 20, maini gramu 10. Gramu 100 za steki zina kalsiamu miligramu 10 hivi na fosforasi kama 200. Moyo haupishani sana na hapo. Maini ndiyo yamepinda zaidi: kalsiamu miligramu 5, fosforasi karibu 390. Ukijumlisha sahani nzima unapata kalsiamu miligramu 15 na fosforasi 340. Kumi na tano, mahali palipohitaji mia saba na hamsini. Hata ukiongeza yale maziwa hufiki mia.

Mwili hauwezi kukaa na damu isiyo na kalsiamu, kwa sababu moyo na misuli huendeshwa nayo dakika kwa dakika. Shingoni kuna tezi nne ndogo za parathiroidi zenye kazi ya kuchunga kiwango hicho. Chakula kinapoleta fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, tezi hizo humwaga homoni inayoamuru kalsiamu itolewe kwenye akiba, na akiba ni mifupa. Kila siku kidogo, wiki hadi wiki. Ndiyo maana kipimo cha damu kilikuwa kizuri: uzuri huo ulikuwa umekopwa kwenye paja na mkono. Daktari akisimama kwenye karatasi ya damu peke yake, ugonjwa huu unampita mbele ya macho.

Ni ugonjwa wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kwenye bustani ya wanyama ya London, watoto wa simba walikuwa wakilemaa mifupa. Walilishwa nyama ya farasi isiyo na mifupa. Daktari John Bland-Sutton aliagiza wapewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, wakapona. Kama simba mwenyewe, mla nyama kuliko wote, hakui kwa nyama tupu, Maltese wa sebuleni ataweza vipi?

Na hapa niseme jambo ambalo lilimuuma mama kuliko yote. Mbwa wa mlinzi wa nyumba ya pili, koko wa kawaida, alikulia ugali wa dona na dagaa, na miguu yake imenyooka. Dagaa huliwa mzima, kichwa, miiba na uti wa mgongo. Mwenyewe hakujua, lakini alikuwa anampa mbwa wake mfupa kila siku, umesagika, usioweza kumkwama. Sisemi ugali na dagaa ni lishe kamili. Una mapengo yake, dagaa wengine wana chumvi na mchanga, na kwa tumbo la ukubwa wa limau ugali hujaza kabla nguvu haijatosha. Nasema tu kwamba kwa upande wa kalsiamu chakula cha bei ndogo kiliishinda steki.

Ubichi una kesi yake

Kuna wasomaji watakaofurahi kufika hapa: kumbe tatizo ni kukosa mfupa, siyo ubichi! Kuhusu mguu wa Bosi, ni kweli. Steki ileile ingepikwa, mguu ungevunjika vilevile. Kupika hakuongezi kalsiamu.

Ila ubichi ulikuwa unaandaa mashtaka mengine ndani ya nyumba ileile. Daktari alichukua kinyesi cha Bosi, na maabara ikaotesha Salmonella. Bosi hakuwa na homa wala dalili nyingine, na kuharisha kwake kulikoma mara maziwa yalipoachwa. Mbwa anaweza kubeba bakteria huyo bila kuumwa na kumtoa kwenye kinyesi, kisha akajilamba, akamlamba mtoto. Mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, na bibi mwenye kisukari, ndio watu ambao Salmonella huwaangusha vibaya. Mama alikuwa akikatia nyama ya Bosi kwenye ubao uleule wa kukatia kachumbari. Aliuosha, ndiyo, kwa maji na sabuni, lakini ubao wa mbao wenye mikwaruzo hauoshiki kirahisi hivyo.

"Lakini naigandisha kwanza," alijitetea. Kugandisha hakuui Salmonella, kunamlaza tu. Na friza ya Dar es Salaam siyo friza ya kwenye video: umeme ukikatika mchana wa joto, nyama inalegea, bakteria wanaamka na kuongezeka, umeme ukirudi inaganda tena na unaiona ngumu kama haijawahi kulegea. Kabla ya hapo ilikuwa imening'inia kwenye ndoano buchani tangu alfajiri. Sisi wenyewe tunaila nyama hiyo bila wasiwasi kwa sababu tunaichemsha.

Baada ya kusikia habari ya kalsiamu, wazo la kwanza la mama lilikuwa shingo za kuku. Zinauzwa sokoni pamoja na vichwa na miguu, mifupa yake ni laini, na mitandao inazisifia kwa mbwa wadogo. Daktari akamkatalia, na sababu yake ni nzuri kuifahamu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha matokeo ya kulinganisha mbwa 27 waliopooza ghafla kwa ugonjwa wa neva na mbwa 47 wazima. Uwezekano wa kuwa na bakteria wa Campylobacter kwa wale waliopooza ulikuwa mara 9.4 ya wenzao, na kuku mbichi, hasa shingo, ndiye aliyeshukiwa kuwa chanzo. Miguu ya nyuma hulegea kwanza, kisha ya mbele. Wengi hupona, lakini huchukua wiki hadi miezi. Mbwa wa mbegu ndogo ndio wanaolishwa shingo hizo zaidi.

Maini na mapafu mabichi nayo yana historia katika ukanda wetu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imejulikana kwa miongo mingi kama mojawapo ya maeneo yaliyoathirika zaidi duniani na uvimbe wa maji unaosababishwa na mnyoo wa Echinococcus. Mbwa hula viungo vya mbuzi au kondoo vyenye malengelenge, mnyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota uvimbe kwenye ini au mapafu, unaoweza kukua kwa miaka kabla hajajua. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Nyama iliyopita kwa mkaguzi machinjioni ina hatari ndogo zaidi, lakini si kila ini linalofika buchani limepita kwa mkaguzi. Kuchemsha nusu saa kunamaliza hatari hiyo.

Matibabu

Hakuwekewa chuma. Mfupa laini namna ile haushiki skrubu, ukiutoboa unapasuka zaidi. Alipewa dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, na mama akaonywa asije akampa diklofenaki au ibuprofeni za kabatini, kwa sababu kwa mbwa, na hasa mwenye kilo moja na kitu, hizo ni sumu ya tumbo na figo. Akawekwa kwenye kizimba kidogo chenye godoro: hakuna kochi, hakuna ngazi, hakuna kubebwa na mtoto. Mama aliomba sindano ya kalsiamu ili mambo yaende haraka. Daktari alikataa hiyo pamoja na matone ya vitamini D, maana damu ya Bosi haikupungukiwa, na vitamini D ikizidi hutia kalsiamu kwenye figo badala ya mfupa. Dawa yenyewe ilikuwa chakula kamili cha mtoto wa mbwa, kilichoandikwa kuwa ni cha kukulia, mara nne kwa siku.

Bosi alikigomea. Aliyezoea steki hawezi kurudi kwenye punje kavu kwa hiari. Walikilowesha kwa maji ya moto yaliyochemshiwa nyama, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa), wakachanganya na nyama kidogo iliyopikwa, wakaipunguza nyama hiyo siku hadi siku. Mama aliuliza kama asingeweza kuendelea na nyama na kuongeza unga wa ganda la yai. Swali zuri. Chini kidogo ya nusu kijiko cha chai ingefikisha zile miligramu 750, na ganda la yai halina fosforasi ya maana, kwa hiyo uwiano ungekaa sawa. Lakini zingebaki zinki, shaba, iodini, manganizi, vitamini D na E. Mbwa mkubwa aliyekwisha kukua anaweza kupepesuka kidogo kwenye hayo bila kuanguka. Huyu anajenga kila mfupa wake ndani ya miezi michache, na sahani yake yote haijazi kiganja. Kosa la gramu mbili kwake ni kosa kubwa.

Eksirei ya wiki ya nne ilionyesha ganda la mfupa limenenepa na kuwa jeupe, na paja limeunga. Limeunga likiwa limepinda kidogo, na akikimbia kuna kaupande anakovuta. Njia ya kinyesi inayopita katikati ya mifupa ya nyonga nayo imebana kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo akipata kinyesi kigumu watamwahisha kliniki mapema. Kinyesi kilipimwa tena, Salmonella haikuota. Ubao wa kukatia ulitupwa.

Mahindi kwenye mfuko bado yanamkera mama, na hajaficha kwamba Bosi akiwa mkubwa angependa kumrudisha kwenye nyama. Daktari hakumfungia mlango. Alimpa masharti: amalize kwanza kukua, ambako kwa mbegu hii ni miezi tisa hadi 12, mapishi yaandikwe na mtaalamu wa lishe ya wanyama kwa mizani, yasitolewe kwenye video, nyama ipikwe maadamu mtoto na bibi wako nyumbani. Mpaka wakati huo steki ibaki ndani ya asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa Bosi wa leo hiyo ni gramu 15, na buchani siku hizi mama ananunua mchanganyiko.